Kila Nikicheza Anaolewa na Fundi Magari

Shule mimi niliishia darasa la nne, tena hilo la nne lenyewe nililisoma vipande vipande, maana baba alikuwa na ng'ombe wawili wa ndani na mkata majani nilikuwa mimi. Nalisema hili mapema ili mtu asishangae nikianza kueleza mambo ya kompyuta. Siyajui. Ninachojua ni kwamba wiki mbili za mvua za vuli, huku Kibosho mlimani barabara imekuwa tope la kutembea umeshika viatu mkononi, nilimchumbia msichana mmoja ndani ya laptopu ya mjukuu wangu, na kila mara akaolewa na mtu mwingine.

Mjukuu huyo ni mtoto wa binti yangu mkubwa. Chuo amemaliza, kazi hajapata. Mabinti zangu walikaa wakakubaliana kwamba baba akiachwa peke yake atakula ndizi za kuchoma mpaka adondoke, basi wakamleta huyu akae na mimi. Siku nne za wiki yuko hapa. Siku zilizobaki anashuka mjini, Majengo, ambako yeye na wenzake wawili wamepanga chumba nyuma ya fundi cherehani, wanatengeneza michezo. Mimi nilidhani michezo ni mpira. Akanieleza: babu, hii ni hadithi, ila anayeisoma ndiye anayeamua. Inakuja picha ya mtu, chini yake maneno anayosema, halafu inasimama, inakuuliza, utamjibu nini? Zinakuja njia tatu. Unabonyeza moja, hadithi inafuata ulichobonyeza. Yake ilikuwa ya mapenzi. Kijana wa mlimani, msichana mshonaji wa mjini, na miisho minne. Alitaka mtu mzima aijaribu, kwa sababu wenzake wote ni vijana na walikuwa wanabonyeza mambo ya vijana.

Sasa kwa nini nilikuwa peke yangu. Hilo nalo nilieleze, nisiendelee kulibeba kifuani, maana ndilo jambo lenyewe.

Mke wangu alikuwa ameshuka Shirimatunda, kwa binti yetu mdogo. Kihamba cha kwetu, yaani shamba la nyumbani ulilorithi, kina mipaka ambayo hakuna aliyeiandika. Kahawa ni ya mwanaume. Migomba ni ya mwanamke. Mwanaume ataupa mgomba nguzo ukielemewa na mkungu, lakini upi ukatwe, upi uachwe, chipukizi lipi lihamie wapi, hayo si yake. Mwaka juzi watu wakaingiwa na parachichi. Kila ukienda kilabuni ni parachichi. Nikatazama pale chini ya zizi, pana migomba kumi na minane ya mshare, ndizi za kupikia mtori, ile supu nzito yetu, nikaiona imezeeka. Siku mke wangu amekwenda sala ya jumuiya nikachukua panga. Aliporudi ilikuwa imelala yote. Na machipukizi ya migomba ile aliyaleta kutoka kwa mama yake, ameyabeba kichwani, mwaka ule tulipooana. Nilijua. Nisiseme sikujua.

Hakusema kitu. Aliyakata yale magogo vipande, akawapa ng'ombe, akanipikia chai. Wiki hiyohiyo binti yetu mdogo aliyeolewa Shirimatunda akajifungua, mama yake akafunga mzigo akaenda kumlea. Kwetu mzazi analelewa miezi mitatu, anapikiwa mtori, hagusi jembe. Ikaisha mitatu. Ikaisha sita. Watu wakiniuliza nasema mama yuko kwenye uzazi. Kuna jirani yangu mwenye mdomo, tumechunga pamoja, akaniambia mbele ya watu, "Uzazi gani huo, mtoto mwenyewe nimemwona juzi anafukuza kuku?" Wakacheka, na mimi nikacheka nao, maana ungefanya nini.

Sikumfuata. Sikumpigia simu kumwambia rudi. Tulikuwa tunapigiana, hapana, tulikuwa tunasalimiana, ng'ombe hajambo, mvua imenyesha, basi. Nilijiambia njia anaijua.

Turudi kwenye laptopu.

Mara ya kwanza nilicheza kama mtu mwenye adabu. Msichana anamkaribisha kijana ndani anywe chai. Njia zilikuwa tatu: ingia, sema utakuja kesho, au muulize wazazi wake hawajambo. Mimi nikauliza wazazi. Mbele kidogo msichana anauliza, unanionaje? Nikabonyeza kwamba kazi yake ya kushona ni nzuri. Mbele tena anasema fundi magari wa jirani amemwomba watembee Jumapili, wewe unasemaje? Nikabonyeza: ni uamuzi wako. Nikaona nimejibu vizuri sana, jibu la mtu aliyelelewa. Baada ya nusu saa msichana ameolewa na fundi magari, na kijana wangu amealikwa harusini, amekaa meza ya mwisho na soda.

Nikamwambia mjukuu mchezo wake una kasoro. Huku kwetu mwanaume hamrukii msichana kwa maneno. Unatuma shangazi, shangazi anakwenda na pombe, watu wazima wanazungumza, wewe unakata majani ya ng'ombe. Kijana wangu alikuwa anaheshimu. Mjukuu alicheka mpaka akaondoa miwani.

"Babu, huyo hajui kama unampenda. Umemuuliza wazazi mara nne."

"Si ndiyo heshima?"

"Ni heshima. Lakini yeye anasubiri ujibu alichokuuliza."

Akanionyesha jambo ambalo mchezaji haonyeshwi. Ndani ya ile kompyuta, kila jibu linaongeza au linapunguza kitu alichokiita moyo. Hakikuambii. Unaendelea kuongea, picha inatabasamu vilevile, kumbe huko nyuma kinapungua, moja, moja, na kikifika sehemu fulani mlango umefungwa na wewe bado unadhani mnazungumza. Nikamwambia aniletee chai.

Alikuwa ameichora hadithi yote kwenye karatasi kubwa aliyoibandika ukutani, juu ya picha ya Moyo Mtakatifu, nikamwambia aishushe kidogo. Nilipoitazama nikaielewa haraka kuliko yeye alivyotegemea. Ilikuwa mfongo. Mfongo ni mfereji wetu wa kuleta maji kutoka mtoni juu hadi vihambani, na mimi nimekaa kamati ya mfongo miaka mingi, najua maji. Ukitoa tope na majani ya mgomba hapa, maji yanaingia kwa huyu, na wakati huohuo kwa yule kunakauka. Hakuna kufungua kote. Ila niliona mahali pawili kwenye karatasi njia zinaachana halafu chini zinakutana tena. Nikamuuliza, hapa mtu akienda kulia au kushoto si anafika palepale? Akasema ndiyo, nyingine ni za hivyo, mtu ajisikie amechagua tu, vinginevyo kazi haitaisha. Nikamwambia huo ni udanganyifu. Akasema, babu, si udanganyifu, ni uchovu. Mtoto huyu ana majibu.

Mara ya pili nikaingia ndani nikanywa chai. Nikamwambia msichana ni mzuri, nilibonyeza nikiangalia pembeni. Mambo yakaenda vizuri mpaka mahali panapoitwa ugomvi. Kijana, kwa kutaka kufanya wema, anaiuza cherehani ya zamani ya msichana ili amletee mpya. Hakumuuliza. Na ile ya zamani ilikuwa ya bibi yake. Msichana ananyamaza. Picha yake inageuka, unaona mgongo na kitambaa cha kichwani tu. Njia tatu: mwombe msamaha, mletee kitenge, nyamaza hasira ziishe.

Nikamtazama mjukuu wangu. Alikuwa anatazama kioo. Nikamuuliza kama bibi yake ndiye aliyemwambia aandike hayo. Akasema bibi hajui hata kama mchezo upo. Lakini huyu mtoto alikuwa anapita chini ya zizi kila siku akienda kumwaga maganda, na mashina yale bado yalikuwa yanaonekana.

Nikabonyeza nyamaza. Fundi magari.

Uzuri wa mchezo ni kwamba unaweza kurudi pale ulipokosea. Nikarudi, nikabonyeza kitenge. Msichana akakipokea, akasema asante, nikajua nimeshinda. Sura tatu mbele, fundi magari. Nikarudi tena, nikanyamaza tena, nilitaka kuona kama labda safari hii atatulia mwenyewe. Mjukuu akasema, babu, hakuna siku itabadilika, nimeiandika mimi. Fundi magari mwenyewe, lazima niseme, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anauliza maswali halafu anasubiri jibu. Ndicho kitu pekee alichokuwa nacho, hata nyumba hakuwa nayo.

Mjukuu akaniuliza swali ambalo wajukuu wanapenda kuuliza: wewe bibi ulimwambia nini mara ya kwanza? Nikamwambia ukweli. Alikuwa anapanda kutoka tambarare na mzigo wa majani kichwani, mimi nateremka, nikamwambia, mzigo wako umekaa upande. Akaniambia, basi ubebe wewe. Nikaubeba mpaka kwao. Huo mzigo ulikuwa haujakaa upande hata kidogo, nilitaka tu neno la kusema. Mjukuu akachukua kalamu akaandika hilo, na mimi nikabaki nafikiri kwamba siku ile niliongea. Kwa hiyo haikuwa kweli kwamba kwetu mwanaume haongei. Nilikuwa nimeisahau sehemu hiyo.

"Mbona njia ya kumwomba msamaha huibonyezi?" akaniuliza.

Nikamwambia ile si njia ya mtu mzima. Mzee hasemi maneno yale kama mtoto aliyevunja chungu. Mzee anapeleka isale. "Sale liko wapi humu?" nikamuuliza. "Umetengeneza hadithi ya mlimani bila sale?"

Asiyetoka huku nimweleze. Isale, au sale, ni mmea tunaoupanda mipakani, una majani marefu ya kijani. Aliyekosa analichukua jani, analipiga fundo, anampelekea aliyemkosea. Likishafika, yule hawezi kukataa. Hata kama mambo yamefika pabaya namna gani, mbele ya sale mnakaa na mnamaliza. Ndivyo tulivyowakuta wakubwa wetu wanafanya.

"Nililiweka mwanzoni," akasema. "Nikalitoa."

"Kwa nini ulitoe?"

"Kila aliyecheza alikuwa anabonyeza sale. Hata waligombania nini hasomi. Anabonyeza, anasamehewa, anaoa. Msichana hana la kusema tena." Akafunga laptopu taratibu. "Sasa hiyo ni hadithi ya watu wawili, au ya mtu na jani lake?"

Nikamwambia mila si mchezo. Akasema, ndiyo babu, ndiyo maana nimelitoa.

Ungedhani hapo nimejifunza. Asubuhi yake niliamka, nikanywa uji, nikaenda mpakani nikakata isale. Nililipiga fundo zuri, nikalitia ndani ya koti ili yule jirani mwenye mdomo asilione, nikapanda pikipiki mpaka Shirimatunda. Njia nzima nilikuwa na amani. Nilijua hawezi kukataa. Yaani nilifanya kilekile walichofanya wale wabonyezaji wa Majengo, tena mimi kwa nauli.

Nilimkuta uani anachambua maharage kwenye ungo. Mtoto ameshika bega lake amesimama. Binti yetu alinipa shikamoo, akaona uso wangu, akakumbuka ana kazi ndani. Nikalitoa lile jani nikamnyooshea mke wangu kwa mikono miwili.

Hakulipokea. Hakulikataa pia, maana halikataliwi. "Liweke hapo chini kwanza," akasema. "Halafu useme."

Nikaliweka. Nikamwambia jani ndilo limeshasema.

"Wewe umekuja na jani ili usiseme," akaniambia, na mikono inaendelea na maharage. "Nikilishika, imekwisha, nifunge mdomo. Mdomo nimeufunga miezi kumi na moja, baba. Sihitaji jani la kunisaidia."

Nilikuwa bado nimesimama. Hakuna aliyenipa kiti.

"Nilikata migomba," nikasema.

"Ipi?"

"Ya chini ya zizi."

"Ya nani?"

"Yako."

"Ulijua ni yangu?"

"Nilijua."

Aliacha maharage. "Mbona hukuniuliza?"

Nilikuwa na majibu mengi kwa swali hilo, nimeyatunga mwaka mzima: imezeeka, parachichi zina soko, nilitaka iwe kitu cha kukufurahisha. Hakuna hata moja lililotoka. "Kwa sababu ningekuuliza ungekataa," nikamwambia.

"Na ningekataa," akasema.

Hapo nikamwomba msamaha. Kwa Kiswahili yalinishinda maneno, nikayasema kwa Kichagga, na kwa Kichagga nayo yalikuwa magumu, yalitoka mafupi. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie. Akasema, "Nimesikia." Hakusema amesamehe. Mtoto alikuwa ameshalichukua lile jani analiburuta kwa kuku, na hakuna aliyemzuia. Akaniambia atakuja Jumamosi kuona pale shambani pakoje. Nikaanza kusema asante, akanikatiza. "Sijasema narudi. Nimesema nakuja kuona."

Nyumbani mjukuu akaniuliza nimepata mwisho gani. Nikamwambia bado wanazungumza. Siku tatu zile nilifagia uwanja mara mbili kwa siku, kazi ambayo sijaifanya tangu nizaliwe, na sikulala mchana hata mara moja. Nilichokuwa naogopa ni kitu kimoja, kwamba atakuja, ataona, na ataondoka.

Jumamosi alikuja na kiroba begani. Hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja chini ya zizi, akazunguka ile miche ya parachichi niliyopanda, imeshanifika kiunoni, akapima kwa hatua zake. Akafungua kiroba. Yalikuwa machipukizi ya mshare, saba. Nikamuuliza ameyatoa wapi. Akasema siku ile alipoondoka kwenda uzazini nguo alizobeba zilikuwa mbili tu, mzigo uliobaki ulikuwa machipukizi aliyoyang'oa kwenye yale mashina, akayapanda nyuma ya nyumba ya binti yetu, na sasa yamezaa mengine. Mimi nilimsindikiza na mzigo ule mpaka barabarani. Nilidhani ni mablanketi.

Akanionyesha pa kuchimba. Nilichimba. Parachichi nne alisema ziondoke, mbili akasema niziache, zile za pembeni hazina ubaya. Niliuliza kila shimo: hapa? Akisema hapo siyo, nafukia, nasogea. Mjukuu alileta samadi kwa toroli, hakuongea, mtoto mwenye akili. Mgongo ulikuwa unalia lakini sikusema.

Saa kumi hivi gari la mwisho la kushuka mjini likapiga honi kule kwenye kona, linapigaga mara tatu halafu linaondoka. Mke wangu alikuwa amechuchumaa anakandamiza udongo kwenye chipukizi la sita. Nilitamani kumwambia, acha hilo gari liende, jua limeshapungua, utachafua nguo. Nilikuwa na maneno kama hayo kumi.

"Unabaki?" nikasema.

Hakuinua kichwa. "Unaniuliza au unaniambia?"

"Nakuuliza."

Honi ya pili ikapigwa. Alichukua chipukizi la saba, akalikagua mizizi, akakata moja iliyooza kwa kisu. Akasema, "Ngoja nifikirie." Honi ya tatu ikapigwa, na gari likasikika linabadilisha gia kuteremka, na yeye bado anafikiria. Alilipanda lile la mwisho taratibu, akanawa mikono kwenye ndoo ya ng'ombe, akapanda kwenda jikoni. Mimi nilibaki pale na jembe, sikujua nimfuate au nisimfuate. Baadaye nikamsikia anauliza ni nani aliyehamisha mafiga yake, na chumvi iko wapi katika nyumba hii. Nikaenda kumwonyesha.